Wakulima 45,000 walifundishwa Armenia na kipato hakikusogea: ulioshindwa ni mradi au kipimo?

#1 Mwanatakwimu
Wanajukwaa, salaam. Nimepewa kazi ya kuandaa mpango wa tathmini wa mradi wa mafunzo ya umwagiliaji huku Nyanda za Juu Kusini, na katika kusoma yaliyofanyika kwingine nimekwama kwenye mfano mmoja ambao naomba tuujadili kwa utulivu. Armenia ni nchi ya watu wapatao milioni tatu, iliyojitoa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991. Machi 2006 ilitia saini mkataba wa miaka mitano na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), wenye thamani ya dola milioni 235.65, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye kilimo cha umwagiliaji, yaani mifereji, vituo vya pampu, mikopo na mafunzo. Mkataba ulipofungwa Septemba 2011, wakulima zaidi ya 45,000 walikuwa wamefundishwa namna ya kutumia maji shambani, na baadhi yao namna ya kuhamia mazao yenye bei nzuri zaidi.

Kilichonivutia ni kwamba mafunzo hayo hayakupimwa kwa picha za wakulima wanaotabasamu. Vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikaanza kupata mafunzo na vingine vikasubiri, kisha kampuni ya utafiti ya Mathematica ikalinganisha kaya za pande zote mbili kabla ya mafunzo na baada yake. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2012 pamoja na ya nchi nyingine nne. Kwa upande wa Armenia, haikuonekana tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na waliosubiri, iwe katika mbinu za kumwagilia, mazao yaliyopandwa au kipato cha kaya. Naomba mnisaidie kuelewa matokeo ya namna hii yanasema nini hasa. Je, mafunzo hayakuwa na faida, au kipimo kilikuwa cha aina isiyoweza kuiona faida yenyewe?

#2 Bi Mkunde
Sioni kitendawili hapo, mdogo wangu. Watu 45,000 ni idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi ya mahudhurio haijawahi kuotesha nyanya. Nilikuwa mratibu wa mafunzo ya wakulima kwa muda mrefu kabla sijaamua kulima mwenyewe, na katika kata moja tulikuwa tunawafundisha watu walewale ambao mradi mwingine ulikuwa umewafundisha miezi michache nyuma, kwa sababu ndio waliozoea kuitwa, wanaojua kuuliza maswali mazuri mbele ya mgeni na wanaofahamu posho hutolewa saa ngapi. Kila mradi uliandika kwenye taarifa yake kwamba umefikia walengwa wote. Sijui Waarmenia walipewa posho au chai tu, lakini ningeanza kuwachunguza hao waliohudhuria kabla sijaanza kuhangaika na mahesabu ya kura.

#3 Kariobangi Kusini
Asante kwa uzi, Mwanatakwimu. Niweke sawa jambo moja kabla hatujaenda mbali. Kusema kwamba tofauti haikuonekana si sawa na kusema kwamba faida haikuwepo. Kipimo cha aina hii kina upana wa makosa, na kipato cha kaya ya mkulima ni takwimu inayoyumba sana, kwa kuwa mwaka mmoja theluji inachelewa kuyeyuka, mwaka mwingine mvua ya mawe inapiga matunda, na mhojiwa mwenyewe hakumbuki vizuri aliuza kilo ngapi. Faida ndogo inaweza kuwepo na ikamezwa na kelele hizo. Hata hivyo, hoja hii haiwaokoi waliobuni mradi, kwa sababu andiko lao halikuahidi faida ndogo. Fedha ziliidhinishwa kwa makadirio kwamba kipato kingepanda kwa kiwango cha kuhalalisha gharama, na faida ya ukubwa huo ingetakiwa kuonekana.

Dada Mkunde, kuhusu mahudhurio nakuunga mkono nusu. Watathmini hawakuhesabu semina, walikwenda kuuliza nani amebadilisha namna ya kumwagilia. Kwa hiyo hoja yako inaeleza kwa nini namba ya 45,000 haina uzito, lakini haielezi kwa nini yule aliyehudhuria kwa dhati naye hakubadilika.

#4 Mzee Ruaha
Nimesoma kwa makini, na nashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyeuliza maji yalifika lini. Mimi ni mhandisi wa umwagiliaji mstaafu, na hilo ndilo swali langu la kwanza kwa mradi wowote wa namna hii. Mafunzo huanza haraka kwa sababu yanahitaji mkufunzi, ukumbi na gari. Mfereji unahitaji upimaji, usanifu, zabuni, mkandarasi na msimu wa kujengea. Huko Armenia msimu wa kujengea ni mfupi kwa sababu mbili zinazogongana: majira ya joto mfereji umejaa maji ya wakulima na huwezi kuufunga, na majira ya baridi ndipo unapoweza kuufunga, lakini zege halishiki vizuri kwenye barafu. Kazi nyingi za mifereji katika mkataba ule zilikamilika karibu na mwisho wake, mwaka 2011. Watathmini walifanya mahojiano yao ya mwisho katika majira ya baridi ya 2010 kuelekea 2011. Maana yake ni kwamba mkulima alifundishwa kuyatawala maji ambayo mara nyingi yalikuwa bado hayajafika shambani kwake kwa uhakika, kisha akaulizwa kwa nini hajayatawala.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wa takwimu hulipita. Mifumo ya Kisovyeti ilijengwa wakati umeme ulikuwa karibu bure, kwa hiyo maji yalipandishwa kwa pampu hadi kwenye miinuko mirefu ambayo mhandisi mwenye kulipa bili asingethubutu kuigusa. Umeme ulipoanza kuuzwa kwa bei yake, vyama vya watumia maji vilivyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 vilishindwa kujiendesha bila ruzuku ya serikali. Sehemu ya fedha za Marekani ilitumika kujenga mifumo ya mserereko mahali pa pampu, ili maji yashuke yenyewe. Umeme unaookolewa hapo ni akiba ya chama cha maji na ya hazina ya serikali, na haionekani mfukoni mwa mkulima aliyekuwa akilipa bei ya ruzuku tangu zamani. Ukimuuliza kipato chake atakujibu kwamba ni kilekile, na atakuwa anasema kweli.

#5 Shamba Darasa
Shikamoo Mzee Ruaha. Hoja ya ratiba nimeikubali, ila nina maelezo mengine ambayo naamini yana nguvu zaidi. Mimi ni afisa ugani, na kosa kubwa la fani yetu ni kudhani kwamba mtu asiyebadilika hajui. Armenia iligawa ardhi ya mashamba ya pamoja mapema kuliko jamhuri nyingine za Kisovyeti, kuanzia 1991, na familia nyingi ziliishia na hekta moja na nusu hivi, tena katika vipande vilivyotawanyika. Mtu wa namna hiyo anajua kabisa kwamba umwagiliaji wa matone unaokoa maji. Anajua pia gharama ya mabomba, na kwamba kipande chake kimoja kiko ng'ambo ya kijiji na maji humfikia kwa zamu ambayo hakuipanga yeye. Ukimfundisha asichokosa, huwezi kushangaa kwamba hakukitumia. Kilichopungua ni mtaji, na mikopo ya mradi ule iliwafikia wachache sana ukilinganisha na waliokaa darasani.

Halafu kuna suala la miti. Zao linalotajwa sana katika bonde la Ararat ni aprikoti, pamoja na zabibu. Mche wa aprikoti unahitaji miaka mitatu hadi mitano kabla haujaanza kukulipa vizuri. Mkulima aliyehamasika mwaka 2008 akang'oa ngano na kupanda miche, katika mahojiano ya 2010 anaonekana maskini zaidi kuliko jirani yake ambaye hakusikiliza semina. Wenzetu wa Njombe waliopanda parachichi wanalijua hili vizuri: ungewapima mwaka wa pili ungeandika kwamba parachichi ni balaa.

#6 Mpita Njia
Kwa hiyo mkufunzi hana kosa, mkandarasi hana kosa, mkulima hana kosa, na mti ndiyo kwanza unakua. Hizo dola zilikwenda kutembea?

#7 Kariobangi Kusini
Mpita Njia, umenichekesha. Lakini hoja ya miti inajibika. Watathmini hawakupima kipato peke yake, waliuliza pia ni mazao gani yamepandwa na eneo gani. Kama wakulima waliofundishwa wangekuwa wamehamia kwenye bustani za matunda kwa wingi, mabadiliko hayo yangeonekana kwenye eneo lililopandwa hata kabla ya tunda la kwanza, na hayakuonekana. Hoja ya Shamba Darasa ingekuwa na uzito kama tungeona miche mingi na fedha kidogo. Tulichoona ni miche ileile.

Kuna watakaosema kwamba maarifa yalivuja kutoka vijiji vilivyofundishwa hadi vilivyosubiri, ndiyo maana tofauti haikuonekana. Jambo hilo hutokea na ni tishio la kweli kwa utafiti wa kura. Lakini kama yangevuja, tungeona pande zote mbili zikipanda pamoja katika mbinu za umwagiliaji, na umwagiliaji wa matone uliendelea kuwa wa wachache sana pande zote.

#8 Shamba Darasa
Mkuu, eneo lililopandwa kwa maneno ya nani? Dodoso linamuuliza mtu ana mita za mraba ngapi za aprikoti katika vipande vyake vinne. Nimewahi kupima mashamba kwa GPS baada ya wenyewe kunitajia ukubwa, na tofauti ilikuwa inanifanya nione haya kwa niaba ya kila takwimu niliyowahi kuipeleka wilayani.

#9 Ughaibuni
Wakuu, nimeishi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kwa kazi, kwa hiyo niongeze jambo ambalo halipatikani shambani bali barabarani. Mazao ya Armenia yanategemea sana soko la Urusi, na Armenia haipakani na Urusi. Mpaka na Uturuki umefungwa tangu 1993 na ule wa Azerbaijan umefungwa kwa sababu ya vita vya Karabakh, kwa hiyo lori la matunda linapanda kaskazini kupitia Georgia na kuvuka milima ya Kaukazi kwenye kivuko cha Lars. Urusi ilikifunga kivuko hicho katikati ya mwaka 2006 na hakikufunguliwa tena hadi Machi 2010. Katikati ya kipindi hicho, Agosti 2008, Urusi na Georgia zikapigana. Tazameni sasa miaka ya mkataba wa MCC, 2006 hadi 2011, kisha mniambie ni mkulima gani mwenye akili angehamia kwenye tunda linaloiva kwa pamoja na kuoza baada ya siku chache, wakati njia kuu ya nchi kavu ya kulipeleka sokoni imefungwa na njia mbadala ni feri ya Bahari Nyeusi.

Juu ya hayo, mwaka 2009 uchumi wa Armenia ulishuka kwa asilimia 14 hivi, mojawapo ya maporomoko makubwa duniani mwaka ule, na fedha ambazo wanaume walioko Urusi kwenye kazi za ujenzi huzituma nyumbani zilipungua vibaya. Kaya nyingi za vijijini zinaishi kwa fedha hizo kuliko kwa shamba. Unapopima kipato cha kaya, kwa kiasi kikubwa unapima hali ya maeneo ya ujenzi ya Moscow.

#10 Kariobangi Kusini
Asante Ughaibuni, hilo la Lars ni zito, ila tulitofautishe vizuri. Mshtuko unaowapiga watu wote hauharibu ulinganisho, kwa kuwa waliofundishwa na waliosubiri walifungiwa kivuko kilekile na walikosa fedha zilezile za Moscow. Hiyo ndiyo faida ya kura. Kinachowezekana ni jambo jingine: kwamba mshtuko uliifuta faida yenyewe, kwa sababu faida ya mafunzo ingepita kwenye soko na soko halikuwepo. Hapo tathmini inakuwa sahihi kabisa kwa miaka ile na haituambii lolote kuhusu miaka ambayo kivuko kiko wazi. Ni jibu sahihi kwa swali dogo kuliko lile lililoulizwa.

#11 Nahodha
Mnazungusha maneno. Marekani wenyewe waliuvunja mkataba baada ya uchaguzi wa 2008, watu walipouawa Yerevan, sasa mlitarajia matokeo gani? Misaada hii ni siasa tangu mwanzo hadi mwisho, na tathmini ni mapambo.

#12 Ughaibuni
Nahodha, haukuvunjwa. Baada ya uchaguzi wa rais wa Februari 2008, vurugu za tarehe 1 Machi ziliua watu kumi, na MCC ikasimamisha sehemu moja tu ya mkataba, ile ya barabara za vijijini. Mpango wa awali ulitaja kilomita 943, na zilizotengenezwa kwa fedha hizo ni chache mno. Juni 2009 bodi ya shirika iliamua kwamba sehemu hiyo haitarudishwa, takriban dola milioni 60. Umwagiliaji na mafunzo viliendelea hadi 2011 kama kawaida.

Lakini umegusa mahali pazuri bila kukusudia, kwa sababu barabara hizo zilikuwa ndugu wa mifereji. Mantiki ya mkataba ilikuwa kwamba maji yatazalisha na barabara itapeleka sokoni. Ukikata mguu mmoja huwezi kuuliza mwingine kwa nini hautembei. Pia mwaka huohuo wa 2009 serikali ya Armenia ilipata mkopo wa Benki ya Dunia wa kutengeneza barabara za vijijini, na kwa hiyo adhabu iliyokusudiwa kwa viongozi ilibadilika kuwa deni la wananchi.

#13 Mtu wa Chake
Sisi wa Visiwani tunaifahamu hadithi hiyo bila kufundishwa. Shirika hilihili lilisimamisha dola milioni 472 za Tanzania Machi 2016, baada ya uchaguzi wa Zanzibar kufutwa na kurudiwa, na sheria ya makosa ya mtandao nayo ikatajwa. Wapo waliokuwa wanasubiri umeme vijijini Bara ambao hawakuwahi kupiga kura Unguja wala Pemba.

#14 Nahodha
Ndicho nilichosema. Walitunyima fedha zote.

#15 Mtu wa Chake
Si zote, kaka. Mkataba wa kwanza wa dola milioni 698, uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008 Rais Bush alipokuja, ulitekelezwa hadi 2013. Kebo ya umeme iliyolazwa baharini kuja Unguja na barabara ya Tanga hadi Horohoro ni za mkataba huo. Uliosimamishwa ni wa pili.

#16 Mwanatakwimu
Na kwa taarifa yenu, upanuzi wa umeme katika mkataba huo wa kwanza wa Tanzania ulipimwa na kampuni ileile ya Mathematica, ikabainika kwamba nyaya zilifika vijijini lakini kaya zilizojiunganisha zilikuwa pungufu mno ya makadirio. Narudi Armenia kabla uzi haujahamia TANESCO.

#17 Bi Mkunde
Ngoja basi nirudi na hoja mpya, maana Kariobangi amenipa nusu ya alama na mimi nataka yote. Nchi hiyohiyo ilipokea misaada mingine iliyoonyesha matokeo, na yote ilikuwa ya vitu vinavyoshikika. Mfuko wa Uwekezaji wa Jamii wa Armenia, ulioanza miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulitengeneza shule na mabomba ya maji ya kunywa. Kazi kubwa katika shule ilikuwa kurudisha mifumo ya kupashia joto madarasa, kwa sababu baada ya mtambo wa nyuklia wa Metsamor kuzimwa mwaka 1989, na hadi ulipowashwa tena 1995, watu walipitisha majira ya baridi gizani na watoto walikaa madarasani na makoti. Tathmini iliona kaya zikipata maji zaidi, afya ikinufaika kidogo, na mahudhurio ya shule yakisogea kidogo. Ni kidogo, lakini kilionekana.

Tazama pia mji wa Gyumri, hukohuko Armenia. Tetemeko la Desemba 1988 liliua watu wasiopungua 25,000 na kuwaacha wengine wakiishi kwenye makontena kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wamarekani waligawa hati za kununulia nyumba. Familia ilitafuta nyumba iliyopo mjini, mfadhili akailipia, na kontena likaondolewa. Hapo tathmini unaifanya kwa macho: kontena lipo au halipo. Mimi ningemshauri Mwanatakwimu amwambie mfadhili wake anunue mabomba na kuacha darasa.

#18 Kariobangi Kusini
Dada Mkunde, kwa ukaidi wako utaniua. Mfuko wa Uwekezaji wa Jamii haukupimwa kwa kura. Jamii zilizopata miradi zililinganishwa na zile zilizoomba na zilikuwa bado kwenye foleni, na ni njia yenye busara, lakini jamii iliyofika mbele ya foleni huenda ilikuwa na mwalimu mkuu mchangamfu au diwani mwenye marafiki. Kwa hiyo unalinganisha kipimo kikali kilichokosa kitu na kipimo laini kilichopata kidogo, kisha unatangaza mshindi. Kuhusu makontena, Gyumri bado yapo na watu wanaishi ndani yake. Nyumba zilizolipiwa ni za kweli, na wakazi wapya wa makontena nao ni wa kweli.

#19 Bi Mkunde
Na ninyi mnaopenda vipimo vikali mtamwambia nini bibi wa Gyumri aliyepata nyumba? Kwamba asisherehekee hadi apatikane bibi mwingine wa kulinganishwa naye?

#20 Mpita Njia
Nusu ya pili ya alama imepatikana.

#21 Mzee Ruaha
Marahaba, Shamba Darasa; nimechelewa kukuitikia. Nataka kuwahamisha kidogo kutoka kwenye dodoso hadi chini ya ardhi. Wakati mnapima mafunzo ya kubana maji katika bonde la Ararat, katika bonde hilohilo mabwawa ya kufugia samaki yalikuwa yakiongezeka kwa kasi tangu katikati ya miaka ya 2000. Yanatumia visima virefu ambavyo maji yake huruka yenyewe kwa msukumo wa ardhini, usiku na mchana. Baada ya miaka michache msukumo ukashuka, visima vya vijiji vingi vikanyamaza, na watu waliozoea maji ya bure yanayobubujika wakaanza kutafuta pampu. Hata mtambo wa Metsamor unategemea maji ya eneo hilo kwa kupoza. Kufikia katikati ya muongo uliofuata, Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilikuwa linagharamia mradi mwingine wa kuokoa maji ya ardhini.

Sasa niambieni, tathmini ya mafunzo ya wakulima ingeliona wapi hilo? Kijiji kilichofundishwa na kilichosubiri vyote vimekaa juu ya hifadhi moja ya maji. Ukilinganisha kimoja na kingine utapata sifuri, na sifuri hiyo itakuwa sahihi, huku bonde zima likishuka. Mimi ningependa wafadhili wapime bonde kabla ya kupima kaya.

#22 Mwanatakwimu
Asanteni sana, mmenipa mengi. Niseme wazi hali yangu ili ushauri uwe wa kutekelezeka. Mfadhili anataka taarifa ya mwisho miezi 18 baada ya semina ya kwanza, kipimo kikuu kiwe kipato cha kaya, na vijiji vipangwe kwa kura. Zabuni ya mifereji bado haijatangazwa.

#23 Mzee Ruaha
Kijana wangu, basi hakuna haja ya kwenda Armenia. Mwandikie kwamba kura ipangwe kufuata siku maji yatakapofunguliwa, si siku ya semina. Akikataa, omba barua ya kukataa kwake uihifadhi.

#24 Kariobangi Kusini
Naongeza: kipato kiwe kipimo cha mwisho, lakini kabla yake pima mlolongo mzima, yaani zamu ya maji inafika siku ngapi kwa wiki, mkulima amebadilisha nini shambani, amevuna nini, ameuza wapi. Udhaifu wa matokeo ya Armenia si kwamba ni hasi. Yametuacha na maelezo matano katika uzi huu, na hakuna hata moja tunaloweza kulifuta kwa uhakika. Katika tathmini zote tano zilizotangazwa pamoja mwaka 2012, hakuna iliyoweza kuonyesha mabadiliko ya kipato cha kaya, hata kule ambako mauzo ya shamba yalipanda. Hilo linanifanya nishuku kipimo chenyewe kuliko kijiji chochote.

#25 Shamba Darasa
Au linakufanya ushuku mafunzo yote matano, mkuu, ila hutaki kusema kwa kuwa sisi maafisa ugani tunasoma. Pendekezo langu ni kwamba mtu arudi Armenia leo na picha za satelaiti, ahesabu bustani za matunda katika vijiji vile vya kura. Miti haidanganyi kwenye dodoso, na muda wa kutosha umepita.

#26 Ughaibuni
Bustani utazihesabu, lakini utazihusisha na nini? Mipango ya awamu kwa kawaida huishia kuwafundisha hata waliosubiri, na hapo hakuna tena wa kulinganishwa naye. Tangu 2011 kumekuwa na kuingia Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia mwaka 2015, mapinduzi ya amani ya 2018, vita vya 2020 na Azerbaijan, kisha mwaka 2022 fedha na watu kutoka Urusi wakamiminika na uchumi ukakua kwa asilimia 12.6 kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo, fedha za kupimia nazo zimekatika. USAID ilifungwa mwaka 2025, na pamoja nayo ukasitishwa mpango wa uchunguzi wa afya na demografia ambao Armenia iliutumia tangu 2000, na ambao Tanzania nayo iliutegemea.

#27 Bi Mkunde
Hiyo ndiyo habari iliyonishtua zaidi katika uzi mzima. Mradi ukifungwa, mfereji unabaki na mtu atautumia. Uchunguzi ukifungwa katikati, miaka iliyokosekana hairudishwi hata fedha zikipatikana baadaye. Mwanatakwimu, takwimu zako za msingi utazipata wapi sasa, au utaanza kuhesabu kaya upya kwa fedha za semina?

#28 Mwanatakwimu
Kwa fedha za semina, dada. Nimeshaondoa vikao viwili vya ukumbini kwenye bajeti ili nilipe wakusanya takwimu, na mratibu wa mafunzo hanisalimii.